Leva ya dropa ngumu, hairudi yenyewe, na siti inazama: ni leva au waya?

Mwenda_Uwandani (Kusini Unguja)

Assalamu alaykum wanajukwaa. Nataka msaada wa wanaozijua dropa vizuri, yaani nguzo za siti za baiskeli zinazoshuka na kupanda kwa leva. Nguzo yangu ni ya waya, si ya maji (ile inayosukumwa na mafuta ndani ya mpira). Waya unapita ndani ya fremu, kipenyo cha nguzo ni milimita 31.6, mwendo wake milimita 150. Leva iko chini ya usukani upande wa kushoto, ya kusukuma kwa gumba. Skrubu inayobana waya iko kwenye leva.

Dalili ndizo hizi. Leva imekuwa ngumu, na nikishaibonyeza hairudi, mpaka niisukume kwa kidole. Siti ikiwa chini inapanda nusu ya njia halafu inasita, naimalizia kwa mkono. Ikiwa juu kabisa, nikikaa inazama polepole, sentimita tatu hivi kabla sijafika mbali. Nimeifungua nati ya kurekebishia waya kwenye leva mpaka karibu itoke. Ugumu haukupungua, na kuzama ndiyo kwanza kumezidi.

Baiskeli inalala barazani karibu na pwani na masika hii imepita madimbwi mengi. Nimeambiwa dukani leva imekufa, niagize nyengine. Kweli ni leva? Na ikiwa ni waya, ule wa breki unaouzwa kila mahali unafaa?

---

Gia_Tatu

W/salaam. Pulizia WD-40 kwenye leva na kwenye tundu la waya, lala nayo usiku mmoja. Isipokubali, nunua leva.

---

FundiWaChake

Wa alaykum salaam. Yakhe, usiagize kitu bado. Leva ndiyo inayolaumiwa siku zote kwa sababu ndiyo unayoishika, lakini kwenye dropa ya waya ndiyo sehemu isiyo na mambo mengi: kipande cha aluminiamu, egemeo moja na skrubu ya kubana waya. Leva nyingi hazina springi kabisa. Kinachoirudisha ni springi ndogo ya kifyatuo kilicho chini ya nguzo, ndani ya fremu, nayo huuvuta waya wote kutoka huko hadi kwenye gumba lako. Kwa hivyo leva isiyorudi maana yake springi hiyo imeshindwa kuuburuta waya. Ukibadilisha leva ukaacha waya ule ule, utakuwa umenunua leva mpya isiyorudi.

Na kuzama kwa siti kunaingia humo humo. Kifyatuo kinafungua vali. Ukiachia leva lazima kirudi mpaka mwisho ili vali ifunge. Waya ukikwama, kinabaki wazi kidogo, vali haifungi sawasawa, na uzito wako unaisukuma siti chini. Hapo wewe ukafungua nati ya kurekebishia, ambayo kazi yake ni kukaza waya, ukazidi kukivuta kifyatuo. Irudishe ndani yote kabla ya jambo lolote.

Sasa tenganisha vitu vitatu, nguzo, waya na leva, ukijaribu kila kimoja peke yake. Bandika selotepu kwenye nguzo pale inapoingia kwenye fremu ili usipoteze kimo chako. Legeza kikazio cha siti (kile kinachoibana nguzo kwenye fremu), vuta nguzo juu kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwengine usukume ganda la waya (mrija unaoufunika waya) liingie kwenye tundu la shingo ya fremu, mbele karibu na usukani. Ukivuta bila kulisukuma ganda, utalichomoa kwenye kifyatuo kwa nguvu au utalipinda. Nguzo ikishatoka, sukuma kifyatuo upande waya unakokivuta mpaka ulegee, toa ganda kwenye kiti chake, na kichwa cha waya kitatoka kwa ubavu.

Kwanza nguzo. Siti ikiwa juu, bonyeza kifyatuo kwa kidole au kwa ncha ya alenki (ufunguo wa pembe sita), ikandamize siti chini, achia, halafu bonyeza tena. Ipande mpaka juu bila kusita, na ukiachia kifyatuo katikati ya njia isimame hapo hapo. Kisha irudishe kwenye fremu bila waya, kaza kikazio, ikalie. Isipozama, ndani ya nguzo hakuna ubovu.

Pili waya. Ulegeze kwenye skrubu ya leva, shika ncha zote mbili, vuta huku na huku. Waya mzima unateleza kwa vidole viwili. Ukihitaji koleo, umeshapata jibu.

Tatu leva, bila waya. Izungushe kwenye egemeo lake. Kukwaruza kidogo si kitu, kugoma ndiyo kitu.

Kuhusu WD-40, itaondoa maji na kulainisha kwa siku chache, lakini inasafisha na ile grisi ya kwenye egemeo, na ikifika kwenye sili za nguzo (mipira ya kuzuia uchafu na kuvuja) hazitaipenda. Kutu iliyoko katikati ya ganda haiifikii hata ukipulizia kopo zima.

---

Pweza_Mtb (Kiwengwa)

Niongezee juu ya waya, maana swali la waya wa breki halijajibiwa.

Haufai, na sababu ni vipimo tu. Waya wa breki una unene wa milimita 1.5 au 1.6 na kichwa chake ni kikubwa. Dropa hutumia waya wa gia, 1.1 au 1.2, wenye kichwa kidogo cha milimita 4. Ule wa breki hauingii kwenye tundu la kifyatuo, na ukiuchonga kichwa kwa tupa ili uingie, siku moja utachomoka siti ikiwa chini. Waya wa klachi wa pikipiki ndio usiuguse kabisa.

Ganda nalo ni hivyo hivyo. La breki lina milimita 5 na ndani yake kuna chuma kilichozungushwa kama springi, kinajikunja kila unapovuta. La gia ni milimita 4, nyuzi zake zimelala kwa urefu, halifinyiki. Leva ya dropa inavuta waya kwa milimita chache tu. Ganda likizila milimita mbili, kifyatuo hakifunguki chote, na hapo unapata siti inayopanda kwa uvivu.

Mjini waya wa gia si tabu, kwa sababu baiskeli za mtumba zimejaa gia. Ila angalia urefu. Waya wa gia wa kawaida uliotengenezwa kwa gia za nyuma una mita 2 hivi na unatosha. Wa gia za mbele unaweza kuwa mfupi. Chukua wa chuma kisichoshika kutu, siyo ule wa rangi ya kijivu iliyofifia. Sumaku haikupi jibu la uhakika hapo, tazama mng'ao na uliza. Na waya uliokwisha tumika kwenye baiskeli nyengine mwachie mwenyewe. Ukishabanwa na skrubu mara moja nyuzi zake zimebapa, hauingii tena kwenye ganda jipya bila kukwaruza.

---

Mwenda_Uwandani

Shukrani sana. Nimefanya majaribio matatu kama alivyoeleza Fundi.

Nguzo: nje ya fremu inapanda hadi juu na inasimama popote. Ndani ya fremu bila waya nimeikalia, haizami. Lakini nikikaza kikazio kama nilivyozoea, ile robo ya mwisho inapanda kwa kusita.

Waya: upande wa leva unaonekana mzima, upande wa chini una kutu nyekundu, na ukiuvuta hausogei hata kwa koleo.

Leva: inazunguka, inakwaruza kidogo.

Maji kama nusu kikombe cha kahawa yametoka kwenye fremu nilipoigeuza. Sasa nautoaje waya uliogandia ndani ya ganda, na ganda lenyewe liko ndani ya fremu?

---

FundiWaChake

Hayo maji ndiyo yaliyoua waya. Ganda likishuka kutoka shingo ya fremu linafika chini kwenye pedeli, linapinda, kisha linapanda kwenye bomba la siti. Pale kwenye pinde ndipo mahali pa chini kabisa, maji yanayoingia juu yanakaa hapo, tena ya huku kwetu yana chumvi. Upande wa leva ukiutazama unaona waya unang'aa, kumbe chini umeshakuwa unga. Chini ya kikombe cha pedeli fremu nyingi zina tundu dogo la kutolea maji. Lizibue kwa kijiti, mara nyingi limezibwa na udongo.

Kabla ya waya, hicho kikazio. Nguzo ya dropa ina bomba la nje jembamba na ndani yake bomba jengine linateleza juu ya bushi za plastiki. Ukikaza kupita kiasi, la nje linabonyea na kulibana la ndani, ndiyo hiyo robo ya mwisho. Vikazio vingi vinataka Nm 4 hadi 6 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukazia), soma maandishi yaliyochongwa juu yake. Kama huna spana ya kipimo, kaza taratibu mpaka siti isigeuke ukiipinda kwa mikono miwili, basi, ishia hapo. Ikiteleza kwenye fremu, dawa yake ni ile pasti yenye chembechembe inayotumika kwa kaboni. Usiongeze nguvu.

Sasa ganda. Usilichomoe! Hilo bovu ndilo litakaloingiza jipya. Kama waya ungekuwa unatoka ingekuwa rahisi: unachomoa waya wa zamani, unapitisha mpya ndani ya ganda la zamani kutoka chini kwenda juu, unalivua ganda la zamani kwa upande wa shingo, waya unabaki ndani ya fremu peke yake, halafu unalivisha ganda jipya juu yake mpaka litokee kwenye bomba la siti.

Wako umegandia, kwa hivyo unaunga. Kwenye ncha ya juu, karibu na usukani, menya ganda la zamani kama sentimita 5 ili waya uchomoze. Ukate kwa kikata waya kikali usichanuke. Uingize huo mchomozo ndani ya ganda jipya, ncha mbili za ganda zikutane uso kwa uso, funga selotepu ya umeme mzunguko mmoja tu uliokazwa, kwani ukinenepesha hautapita kwenye tundu la fremu. Toa na ule mpira wa tundu. Kisha mtu mmoja avute ganda la zamani kutoka bomba la siti, mwengine asukume jipya kutoka juu. Likikwama usilazimishe, lirudishe nyuma kidogo, ulizungushe, uvute tena. Kwenye pedeli ndipo linapogoma.

Urefu pima kwa usukani: ugeuze mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, ganda lisivutike upande wowote wala lisijikunje kwa pinde kali. Kwenye kukata ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Koleo la kawaida linaponda ganda na kuziba tundu lake. Kata kwa kikata waya chenye meno ya duara, au kwa diski ya grainda, kisha lisawazishe kwa tupa mpaka uso uwe bapa, na uuzibue mfereji wa plastiki wa ndani kwa sindano ya kushonea magunia. Weka kofia ya milimita 4 kila ncha.

Kupitisha waya: kwa kuwa skrubu yako iko kwenye leva, kichwa cha waya kinakaa kwenye kifyatuo. Ingiza kutoka chini. Tia mafuta ya cherehani kidogo kwenye kitambaa na uupitishe waya humo, uwe umelowa kwa mbali tu. Grisi nzito ndani ya ganda jembamba inashika vumbi na kuwa kama ugali. Mafuta ya nazi nayo hayafai, hata ukiambiwa yanatibu kila kitu.

Unapoirudisha nguzo, kila sentimita inayoshuka vuta ganda sentimita hiyo hiyo kutoka kwenye shingo. Ganda lililobaki likijikusanya chini ya nguzo linajikunja kwa pinde kali na umerudi ulikotoka.

Kukaza waya: nati ya kurekebishia ifunge ndani yote, kisha ifungue mizunguko miwili ili uwe na nafasi pande zote mbili. Leva iwe imelala kwenye nafasi yake ya kupumzika. Vuta waya kwa mkono mpaka ulegevu uishe lakini kifyatuo kisianze kusogea, bana skrubu. Nm 2 hivi zinatosha. Ukiikandamiza inakata nyuzi, na waya unakufa baada ya wiki chache pale pale kwenye skrubu. Mwisho wa leva uwe na mchezo wa milimita 1 hadi 2 kabla hujahisi uzito. Ikalie. Ikizama, funga nati nusu mzunguko. Ikipanda kivivu, ifungue nusu mzunguko. Usikate mkia wa waya mpaka umejaribu vyote. Bakisha sentimita moja na nusu, vika kofia au tia tone la gundi kali usichanuke.

---

Siti_Chini

Kwa wasomaji wengine, maana uzi huu utasomwa na wenye nguzo za aina nyengine. Kuna zile ambazo skrubu iko chini na kichwa cha waya kiko kwenye leva. Hapo chini unakuta kinati cha duara chenye skrubu ndogo isiyo na kichwa. Kipimo cha waya kutoka mwisho wa ganda hadi kwenye kinati lazima kiwe sahihi kabla nguzo haijaingia. Kila kampuni ina chake, na ukikosea milimita kadhaa nati ya kurekebishia haiwezi kuzifidia. Utaitoa nguzo mara tatu. Ndivyo zilivyo.

Na kama leva yako ina mpira mwembamba wa maji kama breki, kwa mfano RockShox Reverb za zamani, haya yote hayakuhusu. Ile inataka kutolewa hewa kwa sindano mbili na mafuta yake yenyewe ya 2.5wt (kipimo cha wepesi wa mafuta). Mafuta ya breki ya gari yanaharibu sili zake.

---

Gia_Tatu

Na je, kama nguzo yenyewe bila waya ingezama? Kuna njia ya kuifungua hapa hapa?

---

FundiWaChake

Inategemea. Zenye vali ya hewa, mara nyingi chini ya klempu ya siti au chini ya nguzo, unaanza na upepo. Kipimo cha kampuni kinaweza kufika psi (kipimo cha upepo) 250 au 300, kwa hivyo inatakiwa pampu ya shokapu. Kompresa ya pancha haifiki huko, na hata ingefika, chumba cha hewa ni kidogo mno, ukichomoa mpira tu nusu ya hewa imetoka. Upepo mdogo unafanya siti ipande polepole. Kuzama ni habari nyengine, hapo hewa imechanganyika na mafuta ndani. Zenye katriji iliyofungwa (kopo la ndani lenye hewa na mafuta) hazitengenezwi, unabadilisha katriji nzima. Usiitoboe wala usiibane kwenye jiliwa, ina mgandamizo mkubwa.

Sababu moja ya hewa kuingia kwenye mafuta, na huku visiwani inatokea sana: kuinua baiskeli kwa siti wakati siti iko chini. Utingo akiipandisha juu ya dala dala, au wapagazi wa bandarini wakiirusha botini Mkoani, wanashika siti kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Siti inavutwa juu na vali imefungwa, ndani kunakuwa na mvuto unaonyonya hewa. Nyanyua siti juu kabisa kabla hujawapa, au waambie washike fremu.

---

Mwenda_Uwandani

Ganda limepita kwa njia ya kuunga, ilikwama kwenye pedeli kama ulivyosema. Leva sasa inarudi yenyewe kwa kishindo, siti inapanda yote, haizami. Kikazio nimekiacha kwenye Nm 5. Limebaki lile la leva kukwaruza. Nalifungua au naliacha?

---

Pweza_Mtb (Kiwengwa)

Lifungue, ni dakika kumi. Bolti ya egemeo aghlabu ni ya alenki ya 4 au chini ya hapo. Angalia mpangilio wa washa unapozitoa, zipange mezani kwa zamu. Ndani utakuta beringi moja au bushi ya plastiki. Bushi ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, basi. Mafuta ya taa usiyatumie kwenye plastiki wala mpira wowote wa baiskeli, yanaweza kuviharibu. Beringi ikizunguka kwa chembe, nyanyua kifuniko chake cha mpira kwa ncha ya wembe, ioshe, ijaze grisi. Ikiwa imeshika kutu, namba yake imechongwa ubavuni, unaagiza hiyo hiyo bila kununua leva.

Grisi tumia ile wanayotia wavuvi kwenye mashine za boti, imetengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi na inapatikana kila palipo na bandari. Ni ya egemeo la leva na nyuzi za bolti tu. Kwenye bomba linaloteleza na sili zake, grisi ya silikoni. Na ukirudisha bolti ya egemeo ikaze mpaka leva isitikisike juu na chini, kisha irudishe nyuma kidogo kama imeanza kuwa nzito. Wengi wanaikandamiza hapo wakadhani waya umegoma tena.

---

FundiWaChake

Sahihi. Na ule mpira wa tundu la shingo urudishe, usiuache mezani. Kama umepasuka, kata kipande cha tyubu ya ndani ya baiskeli, toboa tundu dogo kuliko ganda, likaze humo. Baiskeli ikilala barazani wakati wa kusi, itoe nguzo kila miezi miwili mitatu, geuza fremu imwage, futa chumvi iliyoganda kwenye shingo ya bomba la siti. Fremu ya aluminiamu na nguzo ya aluminiamu paka grisi nyepesi kabla ya kuirudisha, vyenginevyo vitashikana na hutaitoa tena bila msumeno. Ya kaboni, pasti ya kaboni tu, bila grisi.